Kilemba cha Mpagazi

Fundi bomba ameshakusanya spana zake. Amefuta mikono, amepokea ujira waliopatana asubuhi, amezihesabu noti na kuzitia mfukoni. Lakini haondoki. Anaifungua koki aliyoitengeneza, anaifunga, anaifungua tena, ili mwenye nyumba ajionee mwenyewe kwamba haivuji. Kisha anauliza, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo akiwa mlangoni: "Na ya maji je, bosi?"

Maji alishapewa, tena ya baridi. Kila mkazi wa Dar es Salaam anaijua "ya maji" hiyo pamoja na ndugu zake, "ya soda" na "ya chai". Kuna mwenye nyumba atakayetoa elfu mbili huku anacheka, na kuna atakayenuna kutwa nzima akiona amelipishwa mara mbili. Ubishi wao si wa leo. Katika karne ya 19 ubishi kama huo ulizuka Unguja, ukavuka bahari hadi Bombay, ukaishia mezani kwa serikali ya Uingereza mjini London.

Neno bakshishi lenyewe ni la kuja. Asili yake ni Kiajemi, kwenye kitenzi chenye maana ya kutoa na pia ya kusamehe, nalo limesambaa kwa Waturuki, Waarabu na Wahindi kabla na baada ya kutia nanga kwetu. Ila lilipofika pwani lilikuta nafasi imeshajaa. Fundi mwashi aliyemaliza nyumba alikuwa akipewa kilemba. Huenda hapo mwanzo kilikuwa kitambaa cha kweli cha kufunga kichwani. Baadaye kilikuwa fedha iliyobaki na jina la nguo. Mwanagenzi aliyehitimu naye alimpa fundi wake kilemba, na kwenye harusi kilemba kilimwendea baba wa bibi harusi. Kulikuwa pia na kiinua mgongo, cha mtu aliyeinama kazini muda mrefu na sasa anasimama wima. Majina haya yanasema jambo ambalo neno bakshishi halisemi: kwamba zawadi ina mahali pake katika kazi, napo ni mwishoni, na kwamba asiyeitoa kazi ikiisha ameacha kitu hakijakamilika.

Desturi hiyo ndiyo iliyomkwaza msafiri Mwingereza Richard Burton.

Burton na mwenzake John Hanning Speke walifika Unguja Desemba 1856, wakiwa na paundi 1,000 za serikali yao na shauku ya kuyaona maziwa makuu ya bara. Konseli wa Uingereza, Luteni Kanali Atkins Hamerton, alikuwa mwenyeji wa kisiwa tangu 1841 na alijua nani wa kuombwa nini. Said bin Salim, Mwarabu mwenye heshima yake, akakubali kuongoza msafara baada ya kupewa reale 500 mkononi na ahadi ya Hamerton ya zawadi nono akirudi. Walinzi wa Kibaluchi walitoka kwa Sultani Majid. Ramji, karani wa Kihindi wa forodhani, alitoa vijana wake 10. Walikuwa watumwa wake, na ujira wao ulipatanwa kuwa reale 5 kwa mwezi kila mmoja. Reale 30 za miezi 6 zikalipwa kabla mtu hajanyanyua mzigo.

Msafara uliondoka Kaole mwishoni mwa Juni 1857. Tarehe 5 Julai Hamerton alifariki Unguja. Aliyetoa ahadi akawa amezikwa kabla msafara haujafika mbali.

Safari ilikula miezi 20. Walifika Ujiji Februari 1858, na Speke, bila Burton, akaliona ziwa Nyanza Agosti mwaka huo. Njiani kulikuwa na homa, njaa, watoro na magomvi yasiyohesabika. Waliporejea Unguja Machi 1859, Burton alifanya hesabu zake akasema hakuna bakshishi. Hoja yake ilikuwa ya kimkataba: Hamerton aliahidi zawadi kwa sharti la mwenendo mwema, na watu hawa walikaidi amri, walikimbia, walimlaghai. Ujira wao wameshaupata. Fedha ya serikali nayo imekwisha. Akapanda meli Machi 22 akaenda zake.

Konseli mpya, Christopher Rigby, ndiye aliyebaki na watu mlangoni. Aliandika barua Bombay akieleza kwamba watu waliompeleka Mwingereza hadi maziwa makuu na kumrudisha hai wameondoka mikono mitupu, na kwamba jina la Uingereza linachafuka pwani nzima. Speke, ambaye kwa wakati huo alikuwa hapatani tena na Burton, alisimama upande wa Rigby. Huko London Burton aliandikiwa na serikali kwamba kama aliona watu wake wamekosa, alipaswa kumweleza konseli kabla ya kuondoka kisiwani, naye akajibu kwa ukali. Hakuona haya kuyatoa hadharani: barua za pande zote mbili alizichapisha mwishoni mwa kitabu chake cha safari cha 1860, ambamo zinasomeka hadi leo.

Akizisoma mtu kwa utulivu, ataona kwamba Burton hakuwa mwongo wala Rigby hakuwa mtakatifu. Burton alikuwa akizungumzia malipo ya ziada kwa huduma nzuri, kitu anachotoa mteja akiridhika. Said bin Salim alikuwa akizungumzia kilemba. Kwake yeye, ahadi ya Hamerton ilikuwa sehemu ya mapatano yaliyomtoa nyumbani, na kuitegemea furaha ya Burton lilikuwa jambo geni. Lipo pia swali ambalo mabwana hao waliligusa kidogo tu: vijana wa Ramji walikuwa mali ya mtu. Reale 30 zilipotolewa, ni ngapi zilibaki mikononi mwa vijana wenyewe? Kwa mtumwa, zawadi anayotiwa mwenyewe mkononi huenda ndiyo fedha pekee anayoweza kuiita yake.

Said bin Salim hakukosa kazi. Speke alimwajiri tena kuongoza msafara wa 1860, na miaka michache baadaye alikuwa liwali wa Waarabu huko Unyanyembe.

Mara nyingine zawadi ilitolewa, ila ikachelewa. Chuma, Susi na wenzao, watu wa msafara wa David Livingstone, waliuleta mwili wake hadi pwani mwanzoni mwa 1874. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kiliamua kuwatunuku medali 60 za fedha, na ziliwasili Unguja wakati wapagazi wengi wameshatawanyika, kila mmoja ameshika njia yake. Ni zawadi ya heshima, hakuna ubishi. Lakini mtu aliyebeba maiti kutoka Chitambo, alikofia Livingstone, hadi Bagamoyo angeweza kuuliza, bila kumkosea mtu adabu, medali inanunua pishi ngapi za mchele.

Maneno ya malipo hayatulii. Hongo, katika zama hizo hizo, ilikuwa ushuru wa wazi ambao misafara iliwalipa watawala wa njiani kwa nguo na shanga. Katika nchi kavu ya Ugogo ilifungamana na ruhusa ya kuchota visimani. Hiyo ilikuwa "ya maji" ya kweli. Leo hongo ni kosa la jinai. Takrima, neno la ukarimu, liliingizwa katika sheria ya uchaguzi ya Tanzania mwaka 2000 kama ruhusa kwa mgombea kuwakirimu wapiga kura, na 2006 Mahakama Kuu ikayafuta masharti hayo kwa kuwa yanakwenda kinyume na Katiba. Kiinua mgongo ndicho kilichopanda cheo: kimetoka kwa mwashi kikaenda kwa mstaafu na kwa mbunge anayemaliza miaka 5 Dodoma. Mwashi kaachiwa ya soda.

Kuna mahali pamoja, hata hivyo, ambapo mpagazi bado anaitwa mpagazi na bado anasubiri zawadi mwisho wa safari. Ni Kilimanjaro. Mtalii mmoja huweza kupanda na watu watatu au wanne nyuma yake, wakibeba mahema, mitungi ya gesi, meza na viti, mzigo ukipimwa langoni usizidi kilo 20. Kiwango kilichowekwa miaka mingi sasa ni dola 10 kwa siku kwa mpagazi, 15 kwa mpishi na 20 kwa kiongozi. Kukilipa chote ni jambo jingine, na yapo makampuni yanayolipa pungufu yakijua bakshishi itaziba pengo. Mradi wa kuwasaidia wapagazi ulioanzishwa mjini Moshi mwaka 2003, unaojulikana kwa kifupi kama KPAP, umetumia nguvu nyingi kwenye mambo haya mawili: mshahara ulipwe, na bakshishi imfikie aliyekusudiwa.

Wateja wengi hutoka Marekani, nchi ambayo sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 kwa saa tangu 1991, mradi bakshishi ya mezani ifikishe jumla kwenye kima cha chini. Kwa hiyo wanapofika Mweka wakiwa na vumbi hadi kwenye kope, wanajua kuna la kutoa. Wasilojua ni wapi linakwenda. Nyimbo huimbwa, makofi hupigwa, bahasha hutolewa. Ikikabidhiwa kwa kiongozi mkuu ikiwa imefungwa, mpagazi aliyesimama mstari wa nyuma hana njia ya kujua ilikuwa na kiasi gani, atapokea atakachoambiwa ni chake. Ndiyo maana KPAP huwahimiza wageni wataje kwa sauti, mbele ya wote, mpagazi anapata kiasi gani, mpishi kiasi gani, au wampe kila mtu mkononi mwake. Said bin Salim angewaelewa: ahadi ya Hamerton ingetamkwa barazani mbele ya Mabaluchi wote, pengine Rigby asingehitaji kununua wino.

Halafu kuna suala la noti. Maduka ya kubadilishia fedha hayapendi dola zilizochanika wala za miaka ya zamani. Hukataa, au hupunguza bei. Mpagazi hushuka hadi Moshi mjini, anapanga foleni na buti bado zina tope, anapitisha noti yake chini ya kioo. Karani anaigeuza, anautafuta mwaka ulioandikwa kwa herufi ndogo karibu na picha, anairudisha bila kusema neno. Mpagazi anaikunja mara nne, anairudisha mfuko wa ndani, na kumuuliza aliye nyuma yake foleni kama anamfahamu mtu anayezichukua za namna hiyo.