Michezo ya video yazidi kumeza nafasi na data

KIJANA anayefungua kibanda cha michezo ya video mjini Kitale au Bungoma hukabiliwa na gharama ambayo mwenzake wa 2004 hakuijua: nafasi ya kuhifadhi michezo na data ya kuipakua.

Enzi hizo PlayStation 2 ilisoma mchezo moja kwa moja kutoka kwa DVD, ambayo kwa kawaida hubeba gigabaiti 4.7. Grand Theft Auto: San Andreas, iliyotolewa 2004, ilienea humo na mteja alicheza papo hapo.

Mambo yamegeuka. Grand Theft Auto V ya kompyuta, iliyotolewa 2015, ilihitaji gigabaiti 65. Red Dead Redemption 2 ilipofika kwenye kompyuta mwaka wa 2019, ilihitaji 150. PlayStation 5 ya kwanza, ya 2020, ina gigabaiti 825 pekee, na mfumo wake huchukua sehemu ya nafasi hiyo.

Chanzo kikuu ni picha. Picha ya kiwango cha 4K ina nukta mara nne ya zile za kiwango cha 1080. Aidha, kuna sauti za lugha mbalimbali, ramani pana na masasisho ya kila mara. Haba na haba hujaza kibaba.

Isitoshe, kununua diski si kinga kamili, kwa kuwa baadhi hubeba sehemu tu ya mchezo.

Kwa anayepakua, hesabu ni hii: baiti moja ni biti 8. Hivyo basi, intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde hupakua gigabaiti 100 kwa takriban saa 22, mradi kasi isishuke wala umeme usipotee. Muda huo wote, mteja aliyetaka mchezo huo hana budi kusubiri au kwenda kwingine. Anayetumia bando za simu naye hulipia kila gigabaiti.

Nafuu ipo. Mwenye kibanda anaweza kupakua usiku na kufuta michezo isiyochezwa. Michezo ya PlayStation 5 inaweza kuwekwa kwenye diski ya nje ya USB, ingawa sharti irudishwe ndani ili ichezwe. Kwenye kompyuta, tangu 2023 huduma ya Steam huruhusu mashine moja kuigawia nyingine mchezo kupitia mtandao wa ndani, mradi akaunti inayopokea iwe imeununua.

Muhimu zaidi, kagua ukubwa wa mchezo kabla ya kuulipia.