Maana za Neno Mwungwana katika Historia ya Bagamoyo

Kiingereza kina neno "gentle", ambalo hapo kale lilimtaja mtu wa ukoo bora, kisha likahamia kwa mtu mpole. Nasaba iligeuka tabia. Neno "mwungwana" limepita njia iyo hiyo katika Kiswahili. Lakini safari yake ilipita katikati ya utumwa, na nyayo zake zaonekana wazi Bagamoyo.

Katika karne ya 19 mwungwana wa Bagamoyo alikuwa mtu aliyezaliwa na wazazi wasio watumwa: mtu wa mji, Mwislamu, mwenye kanzu na ukoo wa kutaja. Kinyume chake mjini alikuwa mtwana na mjakazi. Barani alikuwa mshenzi. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa pwani hiyo, ambaye kitabu chake cha desturi za Waswahili kilichapwa Ujerumani mwaka 1903, aeleza kwamba zamani mtumwa hakuvaa kofia wala viatu. Hata aliyeachwa huru hakufikia cheo hicho. Uhuru mtu aliweza kupewa na bwana wake. Uungwana ulitaka kuzaliwa nao. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, waliwajengea kijiji watu waliokombolewa utumwani. Lakini kwa kipimo cha mji watu hao hawakuwa waungwana, kwani hawakuwa na ukoo pwani wala dini ya mji.

Walakini neno halikukaa ndani ya mipaka ya mabwana. Watumwa wengi wa Unguja na Mrima waliajiriwa katika misafara, wakagawana ujira na mabwana zao. Walipofika bara, wenye nguo za pwani, lugha ya pwani na bunduki, walijiita waungwana, wala hapakuwa na mtu wa kuwauliza nasaba. Stanley, alipoondoka Bagamoyo mwezi wa Novemba 1874 kwenda kulivuka bara zima, aliwaita watu wake wa Unguja kwa jina hilo hilo. Huko Manyema wafuasi wa Tippu Tip, wengi wao wenye asili ya utumwa, walilitwaa vile vile, na Kiswahili cha mashariki ya Kongo kikaitwa Kingwana. Hivyo lugha ilibeba jina la watu huru, ilhali wengi wa walioieneza hawakuzaliwa huru.

Utumwa ulipofutwa kwa sheria Tanganyika mwaka 1922, maana ya kwanza ya neno ilikosa mahali pa kusimama, ikabaki adabu. Mabadiliko hayo yamo katika mithali. Ya kale yasema, "Ada ya mja hunena, mwungwana ni kitendo", na mja hapo ni mtumwa. Leo husemwa kwa ufupi, "Uungwana ni vitendo". Mtumwa ametoka katika mithali, na pamoja naye imetoka habari ya nani aliyenyimwa sifa hiyo.

Tena lipo jambo la kuzingatiwa. Mwaka 1961 Tanganyika ilipojitawala, watu hawakuipa siku hiyo jina la uungwana, bali uhuru: si neno la aliyerithi cheo, bali la aliyefunguliwa. Cheo ambacho zamani kilikuwa cha chini kuliko uungwana kikawa fahari ya taifa, na uungwana ukaachiwa kazi ya kupima mwenendo wa kila mtu, pasipo kumwuliza baba yake alikuwa nani.