Protini Yenye Kujigeuza: Habari za Ebola tangu Yambuku

Sisi watu wa Kindu twazijua kazi za kikwembe. Mama akishuka kwenye kivuko cha Lualaba amekifunga kiunoni. Mtoto akilia, kimekuwa mbeleko. Akirudi toka sokoni, kimekuwa kata ya kichwani. Kitambaa ni kile kile, mkunjo ndio tofauti. Tumeanza na kikwembe kwa sababu kitatusaidia kueleza jambo gumu la ugonjwa wa Ebola.

Katika nchi yetu Ebola ilionekana mara ya kwanza mwaka wa 1976, penye misioni ya Yambuku, upande wa kaskazini. Kila asubuhi wauguzi wa hospitali ya misioni walipewa sindano tano, nazo zilisuuzwa tu kati ya mgonjwa na mgonjwa. Hawakujua. Watu 318 waliugua, wakafa 280. Na katika watumishi 17 wa hospitali walikufa 11, masista wakiwamo. Daktari Muyembe alifika huko toka Kinshasa, akatoa damu za wagonjwa kwa mikono mitupu, wala hakuambukizwa. Damu ya sista mmoja ilipelekwa Antwerp, Ubelgiji, ndani ya termosi, na huko virusi vikaonekana. Vikapewa jina la mto Ebola.

Basi wataalamu wakastaajabu. Mwanadamu ana jeni karibu 20,000, yaani maagizo ya kutengeneza protini zake. Ebola ina saba tu. Mafundi wachache namna hii wawezaje kubomoa nyumba kubwa? Maana fundisho la zamani lilisema: protini moja, umbo moja, kazi moja.

Jibu lilitoka mwaka wa 2013 katika taasisi ya Scripps, California. Zachary Bornholdt, Erica Ollmann Saphire na wenzao walichunguza protini iitwayo VP40. Zikiungana mbili mbili, protini hizo husafiri ndani ya seli mpaka kwenye ngozi yake. Huko hujikunjua, hujipanga sita sita, na kujenga gamba la virusi vipya. Tena nyingine hujikunja kuwa pete ya nane, ikashika RNA, ule utepe wa maagizo, na kuongoza kazi ya kuunakili. Wataalamu walipobadili sehemu ndogo ya protini ili isiweze kujigeuza, ilibaki na umbo moja, na kazi nyingine zikakoma.

Kwa hiyo nguvu yake yaweza kuwa udhaifu wake: ukikikaza kikwembe fundo lisilofunguka, hakitabeba mtoto tena. Dawa ya kufunga fundo hilo ingali inatafutwa. Dawa iitwayo Ebanga, iliyotokana na damu ya mtu aliyepona Kikwit mwaka wa 1995, ilijaribiwa kwa jirani zetu wa Kivu ya Kaskazini wakati wa Ebola ya 2018 mpaka 2020, iliyoua watu 2,287. Imeokoa wengi. Lakini hiyo hushika protini ya nje ya virusi. VP40 hukaa ndani, haifikii.