Kamera za Rifleksi za Dijiti: Namna ya Kuzichagua kwa Nchi ya Rapsu

Kamera ya rifleksi ya dijiti, ambayo wapiga picha wa Kenya huiita DSLR, ni chombo ambacho nuru iingiayo kwa lenzi yake hugonga kioo kilicholazwa mshazari, ikarudishwa juu hadi kwenye kitazamio, na mpigaji akaona kile kile kionwacho na lenzi. Kisha abonyezapo kitufe, kioo hicho huinuka, shata ikafunguka, na taswira ikaandikwa juu ya kihisi badala ya filamu. Nikon D1 ya mwaka 1999 iliipeleka kamera ya namna hii kwa waandishi wa magazeti, na Canon EOS 300D ya mwaka 2003, iliyouzwa Marekani kwa bei isiyofika dola 1000, ikaifikisha kwa raia wa kawaida.

Haja ya mahali. Mintarafu ya Rapsu, kijiji cha upande wa Kinna katika Kaunti ya Isiolo, jirani ya Mbuga ya Kitaifa ya Meru, uchaguzi hauna budi kuanza na hali ya nchi: jua kali, vumbi, masafa marefu baina ya mpigaji na mnyama, na nyika isiyo na mahali pa kuchajia betri. Thamani ya kupiga picha wanyama wa nyika ilidhihirika mwaka 2016, ilipofanyika kwa mara ya kwanza hesabu kuu ya punda milia wa Grevy, ambapo wananchi walizunguka Isiolo, Samburu, Laikipia na kaunti jirani wakiwapiga picha wanyama hao ubavu wa kuume, na kompyuta ikamtambua kila mmoja kwa mistari yake, maadamu hakuna wawili walio sawa. Na picha isiyoonyesha mistari hiyo waziwazi haifai kitu kwa hesabu kama hiyo.

Mizani ya washindani. Canon EOS 90D ya mwaka 2019 ina pikseli milioni 32.5, hupiga picha 10 kwa sekunde, na betri yake hukadiriwa picha 1300. Nikon D7500 ya mwaka 2017 ina pikseli milioni 20.9, picha 8 kwa sekunde, na betri ya picha 950. Kwa kuwa vihisi vyao ni vidogo kuliko fremu ya filamu ya milimita 35, lenzi ya milimita 300 huona kama ya 480 katika Canon na kama ya 450 katika Nikon, nayo ni faida kubwa kwa anayemwinda mnyama kwa jicho. Nikon D3500 ya mwaka 2018, iliyo duni kwa bei na kwa kasi, hukadiriwa picha 1550 kwa betri moja, ikawapita wakubwa wake wote wawili. Walakini haina mota ya kulenga ndani yake, hivyo lenzi za zamani za Nikon zisizo na mota hulazimika kulengwa kwa mkono zikifungwa juu yake, ilhali D7500 huzilenga yenyewe. Lenzi za Canon EF zitumikazo na 90D, zilizoanza mwaka 1987, zina mota zake zenyewe.

Lenzi na matunzo. Kiwiliwili cha kamera huzeeka upesi, bali lenzi njema hudumu miaka mingi. Kwa hiyo anunuaye huchagua kwanza jamii ya lenzi na fundi atakayemtengenezea, ndipo achague kiwiliwili. Anunuaye kamera iliyotumika na aulize idadi ya mipigo ya shata, aikague lenzi kama ina ukungu, na asibadilishe lenzi penye upepo wa vumbi.

Hukumu. Asiye na lenzi yoyote, na ambaye mali inamruhusu, achukue 90D. Aliyerithi lenzi za Nikon achukue D7500. Na mwenye kipato kidogo asione haya kuchukua D3500 na kuziweka fedha zilizosalia katika lenzi ndefu, kwani katika nyika ya Isiolo lenzi ndefu na betri idumuyo zina faida kuliko wingi wa pikseli.