Urithi Usiokubali Haraka



Leo historia yetu inatupeleka mbali, kwenye milima ya Tennessee kule Marekani, na inahusu nyama ya nguruwe. Najua kuna ndugu zetu kwenye ukurasa huu ambao nguruwe haingii jikoni mwao kabisa. Vumilieni kidogo. Sitamlisha mtu kupitia simu.

Mwaka 1947, katika mji mdogo wa Madisonville, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa aliyeitwa Albert Hicks alianza kukausha mapaja ya nguruwe kwa chumvi na kuyauza, katika kijumba nyuma ya nyumba yake. Mwaka 1973 kazi hiyo iliingia mikononi mwa kijana Allan Benton. Benton alikuwa mwalimu wa ushauri nasaha shuleni. Siku moja alitazama jedwali la mishahara ya walimu, akaona maisha yake yote yamepangwa pale kwa tarakimu ndogo ndogo, akaacha kazi. (Walimu mlio hapa, msilichukue hilo kama neno la unabii.) Aliposikia mzee Hicks anataka kupumzika, alimwendea na kumwomba amkodishie lile jengo.

Chumvi haikuwa ngeni kwake. Watu wake walikuwa wakulima wa milimani, Scott County katika jimbo la Virginia, watu waliokula walichopanda na walichofuga. Baridi ilipoingia mwezi wa Novemba, nguruwe walichinjwa na mapaja yakapakwa chumvi na sukari, kisha yakatundikwa kwenye kibanda cha moshi. Hawakuwa na friji. Kama hukutia chumvi wakati wake, watoto wangekosa nyama mwaka mzima.

Hebu tukae hapa kidogo, maana kazi yenyewe inapendeza. Chumvi hupakwa wakati wa baridi, ili nyama isioze kabla chumvi haijaingia ndani. Inavuta maji nje polepole, huku yenyewe ikisafiri kuelekea kwenye mfupa. Baridi ikiisha, paja linaoshwa na kutundikwa. Benton huongeza moshi wa kuni za mti wa hickory. Kisha linaachwa mpaka joto la kiangazi lifanye kazi yake, na hapo ndipo ladha inapozaliwa. Sheria ya Marekani inasema paja haliwezi kuitwa kwa jina hilo la kienyeji mpaka lipoteze angalau asilimia 18 ya uzito wake. Fikiria ewe mfanyabiashara: unanunua kilo mia moja, unangoja mwaka mmoja na zaidi, halafu unauza kilo themanini na mbili au pungufu. Wenzetu wa kaskazini wanaotengeneza nyirinyiri wanaelewa habari ya nyama inayopungua ili idumu.

Sasa jaribu likaja. Washindani wake walikuwa wamepata njia ya kuharakisha. Badala ya kungoja mwaka, mapaja yao yalitoka baada ya miezi mitatu hivi, na wakayauza kwa bei ambayo Benton hangeweza kuifikia. Yeye alikuwa akiuza kwa vimkahawa vya kawaida vya barabarani, na faida ilikuwa haba sana. Akafikia mahali pa kusema, basi na mimi nitaharakisha. Kabla ya kufanya hivyo alikwenda kumwuliza baba yake. Mzee akamshauri asicheze mchezo wa mtu mwingine, kwa sababu huko atashindwa tu. Abaki na ubora anaoujua.

Nikisoma habari hiyo ninamwona Esau katika Mwanzo 25. Huwa tunamhukumu Esau kana kwamba alikuwa mpumbavu. Hapana, wapendwa, Esau alikuwa na njaa. Njaa ya kweli. Benton naye alikuwa na njaa ya kweli, tena ya miaka mingi, maana baada ya kumsikiliza baba yake hakuna mlango uliofunguka kesho yake asubuhi. Wahubiri tunapenda kusimulia kana kwamba mtu alitii Jumatatu na Jumanne akanunua gari. Huyu aliingia kazini mwaka 1973, na ilikuwa miaka ya 1990 ndipo mpishi John Fleer wa hoteli ya Blackberry Farm, kule kule Tennessee, alipoanza kuipeleka nyama yake kwenye meza za watu wenye uwezo. Wapishi wengine wakafuata, mpaka New York. Hesabu mwenyewe hiyo ni miaka mingapi.

Ningeweza kuishia hapo na mngesema amina. Lakini neno hili urithi linanisumbua, kwa sababu paja la chumvi la kusini mwa Marekani lina mikono mingine ambayo haiandikwi kwenye karatasi ya duka lolote.

Katika shamba la Mount Vernon, Virginia, nyumbani kwa George Washington, kile kibanda cha moshi bado kimesimama. Mwaka 1786 pipa zima la mapaja lilitoka shambani hapo kwenda Ufaransa, zawadi kwa familia ya Lafayette. Sifa zilikwenda kwa mama wa nyumba, Martha. Lakini waliochinja, waliobeba magunia ya chumvi, na waliokaa kwenye moshi macho yakiwawasha, walikuwa watumwa, Waafrika na watoto wa Waafrika. Mwaka 1799 walikuwa watu 317 katika shamba hilo. Mgao wao wa kila siku ulikuwa unga wa mahindi na samaki wa chumvi. Mapaja waliyoyakausha yalikwenda kwenye meza ya bwana na wageni wake.

Majina yao tunayo. Washington aliyaandika mwaka huo, mmoja mmoja, na umri na kazi, kwa sababu walikuwa wakihesabiwa kama mali. Sijui kama kuna orodha inayonihuzunisha zaidi ya hiyo.

Sasa nina ombi. Nyumbani kwenu kuna mtu aliyekufundisha kazi fulani ya mikono: kukausha omena, kugandisha maziwa kwenye kibuyu, kusuka kiondo, kuhifadhi mbegu mpaka mvua. Pengine ni nyanya yako, au shangazi, au yule msichana aliyekuwa akiwasaidia nyumbani ambaye hakuna aliyewahi kumshukuru. Andika jina lake hapo chini, jina tu. Jumapili, kabla ya maombi, tutayasoma yote kwa sauti.

Mbarikiwe.