Njia ya Kinshasa: Sehemu ya Tatu

ILIPOISHIA wiki iliyopita: Uvira, Bukavu na Goma zimeanguka. Rais Mobutu wa Zaire (Kongo ya leo) amerejea kutoka Ulaya alikokuwa akitibiwa saratani, na jeshi lake linajiandaa kuwafagia waasi wa Laurent Kabila. SASA ENDELEA...

Koplo alivua shati la jeshi, akalikunja, akalisukumia chini ya gunia la mihogo. Fulana ya kiraia alikuwa ameivaa ndani tangu alfajiri.

"Kaka, unakimbia?" askari kijana alimuuliza.

"Mshahara wangu umeuona wewe? Basi aliyeula aje ashike hii bunduki."

Ilikuwa Kisangani, Machi 1997. Ukihesabu silaha tu, Mobutu alikuwa mbele. Alikuwa na ndege, helikopta na mamluki wa Kizungu, wengi wao Waserbia. Februari ndege zake zilishambulia Bukavu, Shabunda na Walikale kwa mabomu, zikaua raia. Lakini fedha za askari ziliishia kwa majenerali. Waliotunzwa ni walinzi wa rais, kikosi cha DSP, wengi wao Wangbandi wa kabila lake. Waliobaki waliishi kwa kupora, na Wakongo walikuwa hawajasahau uporaji wa 1991 na 1993. Nani angekificha chakula chake na bado amwombee askari huyo ushindi?

Upande wa pili walitembea kwa miguu. Mbele walikuwemo kadogo, watoto waliovaa buti za mpira. Nyuma yao maofisa wa Rwanda, akiwemo James Kabarebe, pamoja na msaada wa Uganda na baadaye Angola. Hawakumpa adui nafasi ya kupumua. Kisangani iliwaangukia tarehe 15 Machi. Aprili wakachukua Mbuji-Mayi yenye almasi, kisha Lubumbashi yenye shaba, na kampuni za madini zikaanza kutia saini mikataba na Kabila kabla hajaiona Kinshasa. Hapo ndipo Mobutu alipokatwa mshipa.

Asidanganyike mtu kwamba hao walikuwa malaika. Misituni, wakimbizi wa Kihutu kutoka Rwanda waliuawa kwa maelfu, wanawake na watoto wakiwemo, na damu hiyo haifutwi na shangwe za miji iliyokombolewa.

Mei, huko Kenge, DSP na wapiganaji wa UNITA, waasi wa Angola, walisimama kweli. Walipigana kwa siku kadhaa, wakashindwa. Kutoka hapo barabara ya Kinshasa ilikuwa wazi.

Tarehe 16 Mei Mobutu alipanda ndege kwenda kwao Gbadolite. Jiji la mamilioni ya watu likabaki na Jenerali Mahele, mkuu wa majeshi, aliyekuwa akiwasiliana na waasi kwa siri ili Kinshasa isigeuke machinjio. Kwangu mimi, huyu ndiye aliyeisoma vita hii kuliko wenzake wote.

Usiku huo akapata habari: DSP katika kambi ya Tshatshi wamechafukwa, wanasema wameuzwa. Mahele akaamua kwenda mwenyewe kuwatuliza.

Kambini walikuwa na bunduki zao mkononi, na jina la msaliti walikuwa nalo tayari.

Je, Mahele atatoka Tshatshi akiwa hai? Na Kinshasa itaamka mikononi mwa nani? Usikose sehemu ya nne Jumamosi ijayo.