LEVAR BURTON: KUNTA KINTE ALIYEGEUKA KUWA MTU WA VITABU KWENYE TV

Wadau, ukitaja LeVar Burton wengi watauliza ni nani. Ukitaja Kunta Kinte, wazee wote wanageuka. Basi ndiye huyo huyo. Ila kwa Wamarekani waliokua miaka ya 80 na 90, huyu jamaa ni yule aliyewafanya wapende kusoma.

Alizaliwa 16 Februari 1957 huko Landstuhl, Ujerumani Magharibi, baba akiwa mpiga picha wa jeshi la Marekani, mama mwalimu wa Kiingereza. Akiwa na miaka 13 aliingia seminari ili awe padri, baadaye akaacha na kwenda kusomea uigizaji. Alikuwa bado mwanafunzi wa chuo, miaka 19 tu, alipopata nafasi kwenye Roots, hadithi ya kijana wa Gambia anayetekwa na kuuzwa utumwani. ABC waliirusha Januari 1977, usiku nane mfululizo. Akawa staa kabla hajamaliza shule!

Sasa hapa ndipo penyewe. Mwaka 1983 akaanza kuendesha Reading Rainbow, kipindi cha watoto kwenye televisheni ya umma, PBS. Hakikuwa cha kufundisha a-e-i-o-u. Kitabu kinasomwa huku picha zake zikionyeshwa, halafu Burton anakwenda mahali panapofanana na hadithi, na mwishoni watoto wenyewe wanasimulia vitabu walivyovipenda. Alikuwa anaongea na kamera kama kaka anavyoongea na mdogo wake.

Toka 1987 hadi 1994 akawa pia Geordi La Forge wa Star Trek: The Next Generation, fundi kipofu anayeona kwa kifaa cha usoni. Kazi zote mbili kwa pamoja, si mchezo. Kuna siku aliwaingiza watoto wa Reading Rainbow mpaka studio ya Star Trek wakaone mambo yanavyotengenezwa.

Kilichoua kipindi ni pesa. Vipindi vipya viliisha 2006, marudio yakakatwa Agosti 2009. Wakati huo hela za elimu zilikuwa zinaenda kwenye vipindi vya kufundisha herufi na sauti zake, wakati Burton alikuwa anamwonyesha mtoto kwa nini asome. Kwa maoni yangu walichemsha. Mtoto anayejua kusoma lakini hapendi, akimaliza mtihani kitabu hakigusi tena. Tunawajua, tumesoma nao.

Mwaka 2014 Burton akaomba dola milioni 1 kwa watu wa kawaida kupitia Kickstarter, akirudishe kipindi kwenye intaneti. Zilitimia ndani ya siku moja, na mwisho zikapita milioni 5, toka kwa watu zaidi ya 100,000. Lakini jina halikuwa lake. Mwaka 2017 kituo cha WNED cha Buffalo, chenye haki za kipindi, kilimpeleka mahakamani. Wakapatana, na jina la Reading Rainbow likabaki kwa kituo.

Mwaka huohuo akaanza kusoma hadithi fupi za watu wazima kwenye podikasti, LeVar Burton Reads, akaendelea nayo hadi 2024.